Nakala za Akiba: Kwa Nini Mlinzi wa Kompyuta Peke Yake Hatoshi

Kompyuta iliyomo katika ofisi ya shule, katika zahanati au juu ya meza ya mwanafunzi ina sehemu mbili ambazo thamani zake hazilingani. Sehemu ya kwanza ni chombo chenyewe, yaani chuma, plastiki, nyaya na vipande vya silikoni. Chombo kikiibiwa au kikiungua, kingine cha namna hiyo hupatikana dukani. Sehemu ya pili ni yale yaliyoandikwa ndani yake: daftari la wanachama wa chama cha akiba na mikopo, kumbukumbu za wagonjwa, matokeo ya mitihani, au sura nne za tasnifu iliyomhangaisha mwandishi wake kwa miaka mitatu. Hayo hayauzwi dukani. Yakipotea, hayana budi kukusanywa upya kwa jasho lile lile. Na mengine, kama vile vipimo vya mvua ya mwaka uliopita, hayakusanyiki tena.

Watumiaji wengi wanalifahamu jambo hili, na kwa sababu hiyo huweka katika kompyuta zao programu ya ulinzi dhidi ya virusi. Wakiisha kufanya hivyo huona kwamba kazi imekwisha. Makala haya yanakusudia kueleza kwa nini dhana hiyo ina kasoro, na kwa nini nakala ya akiba inafanya kazi ambayo mlinzi hawezi kuifanya, hata awe hodari namna gani. Yataeleza pia jambo ambalo mara nyingi husahauliwa na hata wale wenye nakala: kwamba nakala huokoa kwa kadiri ile ile inavyotengana na kile ilichonakiliwa.

Mlinzi na mipaka yake

Programu ya ulinzi hutambua adui kwa njia mbili kuu. Njia ya kwanza ni ya alama. Virusi vya kompyuta ni programu kama programu nyingine yoyote, yaani mfululizo wa amri. Na mafundi wakivinasa huchukua kipande cha mfululizo huo na kukitia katika orodha, mfano wa polisi wanavyotunza alama za vidole vya wahalifu. Faili inayofanana na alama iliyomo orodhani huzuiwa. Njia ya pili ni ya kutazama mwenendo: programu ambayo ghafla inaanza kuandika upya mamia ya faili hutiliwa shaka, hata kama haijulikani.

Udhaifu wa njia ya kwanza ni dhahiri, kwani mhalifu ambaye hajapata kukamatwa hana alama katika jalada la polisi. Udhaifu wa njia ya pili una kina zaidi, na ulionyeshwa mapema sana. Mnamo Novemba 1983, Fred Cohen, aliyekuwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Southern California huko Marekani, aliandika programu ndogo yenye uwezo wa kujinakili ndani ya programu nyingine. Katika majaribio yake matano, programu hiyo ilijipatia haki zote za kuitawala kompyuta kwa muda usiozidi saa moja. Mara moja haikufikisha hata dakika tano. Katika andiko alilolitoa mwaka 1984, Cohen alithibitisha kwa hoja ya kimantiki kwamba hapawezi kuwapo programu ya ulinzi inayotambua kila kirusi bila ya kukosea kamwe.

Hoja yenyewe ni nyepesi kuifuata. Tuseme yuko mlinzi asiyekosea. Mtu mwerevu anaandika programu ambayo, kabla ya kutenda lolote, inamwuliza mlinzi huyo: “Je, mimi ni kirusi?” Mlinzi akijibu ndiyo, programu inatulia na haidhuru kitu. Akijibu hapana, inaanza kujieneza. Basi jibu lolote atakalolitoa mlinzi litakuwa si kweli. Kwa hiyo mlinzi asiyekosea hayupo wala hatakuwapo. Hoja hii ni ya ukoo mmoja na ile ya Alan Turing wa Uingereza ya mwaka 1936, aliyeonyesha kwamba hakuna mashine inayoweza kukagua programu yoyote na kusema kwa hakika kama itafika mwisho wa kazi yake au la.

Haisemi, na hili lisichukuliwe vibaya, kwamba walinzi hawana faida. Huzuia sehemu kubwa sana ya mashambulizi ya kila siku. Inasema tu kwamba kosa haliepukiki, ama la kumwachia mwovu apite, ama la kumkamata asiye na hatia. Kosa la pili nalo lina hasara zake. Tarehe 21 Aprili 2010 orodha mpya ya alama iliyotolewa na kampuni ya McAfee iliidhania sehemu halali ya Windows XP kuwa ni kirusi, na kompyuta nyingi zikawa zinajizima na kujiwasha bila kikomo. Tarehe 19 Julai 2024 faili yenye hitilafu, iliyosambazwa na kampuni ya ulinzi ya CrowdStrike, iliangusha kompyuta zipatazo milioni 8.5 kwa siku moja, na baadhi ya viwanja vya ndege vikarudia kuandika kwa mkono. Hapakuwa na adui yeyote siku hiyo.

Programu zinazodai fidia

Kwa miaka mingi virusi vilikuwa ni uharibifu tu, au mzaha wa vijana. Leo hatari kubwa inatokana na programu zinazoteka kazi ya mtu na kudai fidia. Asili yake ni ya zamani kuliko wengi wanavyodhani. Mwezi Desemba 1989 disketi zipatazo 20,000 zilitumwa kwa posta kutoka London kwa watu wa nchi mbalimbali, wakiwamo waliohudhuria mkutano wa Shirika la Afya Duniani kuhusu UKIMWI. Maandishi ya juu yake yalisema kwamba zina maelezo juu ya ugonjwa huo. Maelezo yalikuwamo kweli, lakini pamoja nayo ilikuwamo programu iliyohesabu kimya kimya mara ambazo kompyuta imewashwa. Ilipofika mara ya 90 ilivuruga majina ya faili zote na kumtaka mwenyewe apeleke dola 189 katika sanduku la posta nchini Panama. Aliyeshtakiwa kwa tendo hilo, mwanabiolojia Mmarekani Joseph Popp, aliyewahi kufanya kazi Kenya, alionekana na mahakama ya Uingereza kuwa hana afya ya akili ya kuweza kuhukumiwa.

Fumbo la disketi hizo lilikuwa jepesi, na mafundi walilifumbua upesi wakatoa programu za tiba bila malipo. Waliopata hasara kubwa kuliko wote ni wale ambao, kwa hofu, walifuta kila kitu katika diski zao kabla tiba haijafika, hali hawana nakala popote. Lakini mwaka 1996 wanasayansi wawili, Adam Young na Moti Yung, walionyesha kwamba mshambuliaji akitumia usimbaji wa funguo mbili, ule wa kufungia ukiwa ndani ya kirusi na ule wa kufungulia ukibaki kwake, basi hakuna fundi atakayefumbua faili hizo kwa kuchunguza kirusi peke yake. Walichokitabiri ndicho kilichokuja kuenea. Faili iliyofungwa kwa namna hiyo ni sawa na iliyochomwa moto, isipokuwa kwamba majivu yake yamo ndani ya diski.

Je, kulipa hakufai? Mwezi Mei 2021 kampuni ya Marekani inayosafirisha mafuta kwa bomba, Colonial Pipeline, ililipa sarafu 75 za bitcoin, zilizokuwa na thamani ya zaidi ya dola milioni 4. Ilipewa ufunguo, nao ukafanya kazi polepole mno hata ikabidi kampuni itegemee nakala zake yenyewe katika kurudisha mitambo. Na wako washambuliaji ambao hawana ufunguo wowote wa kutoa, kama inavyoonekana katika kisa kifuatacho.

Umeme uliokatika Ghana

Tarehe 27 Juni 2017 programu mbaya iliyokuja kuitwa NotPetya ilianza kuenea kutoka nchini Ukraine. Njia yake ya kuingilia ni somo tosha. Haikuja kwa barua ya mtu asiyejulikana. Ililetwa ndani ya sahihisho la kawaida la M.E.Doc, programu ya uhasibu ambayo makampuni mengi ya Ukraine huitumia katika mambo ya kodi, na ambayo kila mtu aliiamini. Ikiisha kuingia katika kompyuta moja ilipita kwenda nyingine kwa kutumia ufa wa Windows, ambao Microsoft ilikuwa imekwisha kutoa kiraka chake mwezi Machi mwaka huo huo. Hata waliotia kiraka hawakusalimika, kwa sababu programu hiyo iliiba pia maneno ya siri kutoka katika kumbukumbu ya kompyuta iliyoishika, ikayatumia kufungulia jirani zake. Ilidai fidia ya dola 300, lakini madai yalikuwa ni uwongo. Ilivyotengenezwa, hapakuwa na namna ya kuzirudisha faili hata kwa aliyelipa.

Miongoni mwa waliokumbwa ilikuwa Maersk ya Denmark, kampuni kubwa ya meli za makontena. Ofisi zake duniani kote zilizima kwa muda wa saa chache. Malori yalipanga foleni nje ya magati, kwa kuwa hapakuwa na aliyejua kontena lipi liende wapi.

Kampuni hiyo ilikuwa na nakala za sehemu kubwa ya seva zake. Kilichokosekana ni kitu kimoja ambacho bila yake nyingine zote ni bure: nakala ya seva zinazotunza rejista ya watumiaji wote na haki za kila mmoja. Seva za namna hiyo zilikuwa kama 150, zimetawanyika ulimwenguni, na zilipangwa zipatane wakati wote, kila moja ikiwa na yote yaliyomo katika nyenzake. Waliozipanga waliamini kwamba kwa jinsi hiyo kila moja ni akiba ya nyingine. Hesabu yao ilikuwa sahihi kwa hatari ya seva moja kuharibika. Haikuwahi kufikiriwa siku ambayo zote zitafutwa kwa pamoja.

Baada ya kuulizia kila mahali, mafundi walipata moja iliyosalimika. Ilikuwa katika ofisi ya Ghana. Kabla ya shambulio umeme ulikuwa umekatika huko, seva ikawa imezimika, na kirusi hakikuikuta mtandaoni. Diski yake ilikuwa na data nyingi mno kuweza kutumwa Uingereza kwa njia ya simu iliyokuwapo, na wafanyakazi wa Ghana hawakuwa na viza ya kuingia nchi hiyo. Basi mmoja wao alipanda ndege hadi Nigeria, akamkabidhi mwenzake diski mkononi, na huyo akasafiri nayo mpaka London. Kutoka hapo kampuni ilijengwa upya: kwa muda wa siku kumi ziliwekwa seva 4,000 na kompyuta 45,000, kama alivyoeleza mwenyekiti wake, Jim Hagemann Snabe, huko Davos mwaka 2018. Hasara ilikadiriwa kuwa kati ya dola milioni 250 na 300.

Msomaji wa Afrika Mashariki aliyezoea kuulaani umeme unapokatika ana haki ya kutabasamu. Hata hivyo, kilichoiokoa rejista ile ni utengano ambao mtu angeweza kuupanga kwa makusudi, kwa gharama ya diski moja na kabati lenye kufuli.

Pacha si akiba

Yafaa jambo hili litazamwe kwa hesabu. Tuseme, kwa ajili ya mfano tu, kwamba uwezekano wa diski moja kupotea au kuharibika katika mwaka mmoja ni 1 katika 20. Mtu mwenye diski mbili zilizotengana kabisa atapoteza vyote ikiwa tu zote mbili zitaharibika pamoja, na uwezekano wa hilo ni 1 katika 20 mara 1 katika 20, yaani 1 katika 400. Akiwa na tatu, ni 1 katika 8,000. Kuzidisha huku ndiko kunakoipa nakala nguvu yake yote. Lakini kunaruhusiwa tu pale ambapo ajali ya moja haiigusi nyingine. Diski mbili zilizomo katika mkoba mmoja zinaibiwa na mwizi mmoja. Diski iliyochomekwa daima ubavuni mwa kompyuta hufungwa na kirusi kile kile, tena katika dakika ile ile. Na programu za kisasa za kudai fidia huzitafuta nakala na kuziharibu kwanza, kabla ya kumwonyesha mwenyewe tangazo lao. Makarani wa zamani walioweka nakala ya kaboni katika jalada lile lile lenye barua halisi walikuwa na matatizo hayo hayo siku ya moto.

Moto wenyewe haujaondoka duniani. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Machi 2021 jengo la seva la kampuni ya OVH mjini Strasbourg, Ufaransa, liliteketea, na wako wateja waliogundua kwamba nakala walizozilipia zilikuwa zimewekwa hapo hapo.

Kwa sababu hiyo hiyo, kupatanisha faili baina ya simu na kompyuta, au baina ya kompyuta na hifadhi ya mbali inayofikiwa kwa intaneti, si kuweka akiba kwa maana kamili. Upatanishaji hufikisha upande wa pili kila badiliko, jema na baya. Faili ikifutwa huku, hufutwa na kule. Hifadhi ya mbali hugeuka kuwa akiba pale tu inapotunza matoleo ya siku zilizopita ambayo mwenyewe anaweza kuyarudia.

Waendeshaji wa kompyuta kubwa za miaka ya 1960 na 1970 walilijua hili vizuri. Walikuwa na utaratibu wa kanda tatu za sumaku walizoziita babu, baba na mwana. Kazi ya leo iliandikwa katika kanda ya mwana. Kesho yake kanda hiyo ikawa baba, na ile ya baba ikawa babu, na babu wa zamani ndiye aliyefutwa ili atumiwe upya. Faida yake ni kwamba kosa lililogunduliwa baada ya siku mbili lilikuta bado ipo kanda ambayo haijalipokea. Virusi vingi hukaa kimya kwa siku au majuma kabla ya kujidhihirisha, kwa hiyo umri wa nakala una umuhimu sawa na idadi yake.

Mpango unaowezekana

Siku hizi kanuni inayofundishwa zaidi, ambayo mpiga picha Mmarekani Peter Krogh aliieneza katika miaka ya 2000, ni ile ya tatu, mbili, moja: ziwepo nakala tatu za kila kitu cha thamani pamoja na ile ya asili, ziwe katika vyombo vya aina mbili, na moja kati yake iwe mahali pengine. Wengi wameongeza sharti jingine, kwamba nakala moja iwe imechomolewa kabisa katika umeme na mtandao.

Si mpango wa matajiri peke yao. Ukurasa uliopigwa chapa una herufi kama 2,500, na kila herufi hushika takriban baiti moja. Maneno ya tasnifu ya kurasa 300 hayafikii hata megabaiti moja. Daftari la wanachama mia tano nalo ni dogo. Kinachojaza diski ni picha na filamu, na hizo aghalabu si ndizo zitakazomliza mtu. Basi mwanafunzi anaweza kuwa na kazi yake katika kompyuta, katika diski ya nje anayoichomeka kila Ijumaa na kuichomoa mara tu unakili unapokwisha, na katika hifadhi ya mbali, kwa gharama ndogo ya intaneti. Flashi inayozunguka katika kompyuta za watu wote isihesabiwe kamwe, kwa kuwa hiyo ni njia mojawapo ya virusi na pia hupotea upesi. Zahanati au chama cha ushirika chenye taarifa za siri za watu hakina budi kuzifunga nakala kwa neno la siri, na neno hilo liandikwe katika karatasi na kutunzwa mbali na diski, la sivyo akiba nayo itakuwa imetekwa na mwenyewe.

Lakini hata mpango mzuri huweza kuwa kiini macho. Mwaka 1998, watengenezaji wa filamu ya Toy Story 2 katika kampuni ya Pixar waliona faili za filamu hiyo zikitoweka mbele ya macho yao, kwa sababu ya amri moja ya kufuta iliyotolewa kimakosa. Walipozigeukia nakala, walikuta kwamba hazikuwa zikifanyika ipasavyo kwa muda fulani na hakuna aliyetambua. Kilichowaokoa ni kompyuta iliyokuwa nyumbani kwa Galyn Susman, mmoja wa viongozi wa kazi hiyo, aliyekuwa amejifungua mtoto na kupewa nafasi ya kufanyia kazi nyumbani. Tarehe 31 Januari 2017 kampuni ya GitLab ilifuta data yake kwa bahati mbaya, na ikatambua kwamba njia zake za kuweka nakala ama hazikuwa zikifanya kazi ama hazikuwekwa sawasawa; onyo lililopaswa kutumwa kwa barua halikuwa likifika. Ilirudi kwa nakala ambayo mfanyakazi mmoja aliifanya saa sita kabla, kwa shughuli nyingine kabisa.

Kwa hiyo nakala isiyojaribiwa ihesabiwe kuwa ni tumaini tu. Jaribio lenyewe halina ugumu: mara moja kwa mwezi ichaguliwe faili moja au mbili, zirudishwe kutoka katika akiba hadi kompyuta nyingine, zifunguliwe na kusomwa. Katika ofisi inafaa kupima pia muda. Kama kulirudisha daftari zima kunachukua siku tatu, wanachama wanaofika Jumatatu kuchukua mikopo yao watahudumiwa kwa namna gani mpaka Alhamisi? Swali hilo ni bora lijibiwe mwezi ambao hakuna msiba.

Ni wakati wa kurudisha ambapo mlinzi, aliyeonekana kana kwamba ameshindwa, anahitajika tena. Kompyuta iliyoshambuliwa itengwe na mtandao, ifutwe yote, iwekewe upya programu zake na viraka vyote, kisha ikaguliwe na programu ya ulinzi yenye orodha mpya. Mpaka hapo diski ya akiba isichomekwe, kwani kirusi kilichobaki katika pembe moja kitaimaliza nayo. Na inapotolewa kabatini, ipelekwe kwanza kwenye kompyuta nyingine iliyo safi, itengenezewe nakala, na nakala hiyo ndiyo itumike. Diski yenyewe irudi kabatini siku hiyo hiyo.